Mpira wa Maji wa Gashe Tibebu

Inspekta Woinshet Degefu alikuwa amelala chali juu ya gunia, kichwa na mabega vikiwa uvunguni mwa gari la marehemu. Sajini Fikadu alichuchumaa kando yake akimmulikia tochi. Kulikuwa kumeshakucha vizuri, lakini ua wa kituo cha polisi ulizungukwa na ukuta mrefu na jua lilikuwa bado halijafika chini ya gari.

Lilikuwa Pijo 504 jeupe, lenye umri kumzidi Fikadu. Wiki iliyotangulia lilikutwa limesimama kwenye kona mojawapo ya mwinuko unaotoka daraja la mto Abay, boneti wazi, hakuna mtu ndani. Mwenyewe, Ato Tibebu Wondafrash, mpima ardhi mstaafu wa Addis Ababa, alikutwa amekufa chini ya genge. Aliyesafiri naye alikuwa mkwewe, Enjinia Sirak Ayalneh. Huyo aliwaeleza polisi kwamba gari lilichemka, mzee akamtuma ashuke kutafuta maji, na aliporudi hakumkuta. Hakuna aliyeona ajabu. Magari makuukuu huchemka pale kila leo, na ukingo wa barabara hauna kizuizi.

Aliyekataa ni binti wa marehemu, Mahlet, mke wa huyo Sirak. Alifika ofisini kwa Woinshet mjini Addis akiwa na nguo nyeusi za msiba na kusema kwamba baba yake hakuwahi kungoja kitu kiharibike. Kabla ya safari alikuwa amebadilisha kila kitu kinachopoza injini: rejeta, pampu ya maji, mipira yote, mpaka kifuniko. Gari kama hilo lingechemkaje? Maneno hayo yalifungua jalada upya, lakini yalimtia matatani mtu ambaye Mahlet hakumkusudia. Kama vipuri vilikuwa vipya na gari limechemka, alisema Sirak, basi fundi alifunga takataka. Fundi mwenyewe, Nuredin, alichukuliwa Addis akaletwa kwenye kituo hiki juu ya bonde la Abay, na sasa alikuwa mahabusu, nyuma ya ukuta uleule wa ua.

"Afande, umeona kitu?" aliuliza Fikadu.

"Nipe bisibisi."

Alilegeza vibana viwili, akauchomoa mpira mnene unaotoa maji chini ya rejeta na kuyapeleka kwenye pampu, kisha akajivuta nje na vumbi kichwani. Mpira ulikuwa mweusi, mpya, bado una alama za chaki za kiwandani. Upande wake wa chini ulikuwa na mwanya wa urefu wa kidole.

"Si umepasuka," Fikadu alisema. "Mpira feki huo. Enjinia alisema."

Woinshet aliukunja ili ule mwanya ufumbuke. Kingo zake zilikuwa laini na zimenyooka. Alikulia nyumbani kwa dereva wa lori la njia ya bandari ya Asab, na mipira iliyopasuka kwa joto aliiona tangu utotoni: huvimba kwanza, halafu huchanika ovyo kama soli ya kiatu kikuukuu. Huu haukuvimba. Akamwambia Fikadu auguse kwa ndani, na Fikadu akapitisha kidole kwenye ukingo laini, kama wa kitu kilichokatwa kwa kisu.

Alisimama, akainua boneti na kumwonyesha sehemu yake ya ndani. Kulikuwa na vumbi jembamba la barabarani, limelala sawasawa kuanzia pembe hii hadi ile. Hakukuwa na doa wala mchirizi. Akamuuliza Fikadu kama aliwahi kuona maziwa yamechemka na kufurika, jiko likabaki safi. Fikadu akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Siku ile wewe ndiye uliyefika wa kwanza," Woinshet alisema. "Yale maji ya kijani ya rejeta yalikuwa wapi?"

"Yote chini ya pua ya gari. Dimbwi. Niliyakanyaga, viatu vyangu vina rangi hadi leo."

"Na nyuma? Huko gari lilikotoka?"

Fikadu alifikiri. Alikuwa ametembea nyuma ya gari kwenda kupanga mawe ya kuwatahadharisha madereva. Barabara ilikuwa kavu, alisema. Angeona.

"Basi yalitoka gari likiwa limeshasimama," aliongeza polepole.

"Umesema wewe, si mimi," alijibu Woinshet. "Lakini fundi naye ana visu. Mlete."

* * *

Nuredin alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na siku za mahabusu zilimwachia ndevu zisizo na mpangilio. Aliketi akijibu maswali kwa kifupi, kama mtu aliyeshaamua kwamba hakuna atakayemsadiki. Ndiyo, alimfanyia kazi mzee, aliyemwita Gashe kwa heshima, kwa miaka mingi. Ndiyo, vipuri vyote alivinunua mwenyewe, na vilikuwa vya asili. Ndiyo, alitumia kisu kuondoa mipira ya zamani iliyogandamana. La, hakuukata ule mpya.

"Gari lilikuwa na tatizo gani alipolileta?"

"Hakuna." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Nilimwambia, Gashe, gari lako halina ugonjwa. Akaniambia, ndiyo maana nimelileta."

Maelezo yakaanza kumtoka bila kuvutwa. Mzee alikuwa na desturi yake: pampu na mipira vikishakula miaka kadhaa, anavitoa hata kama vinafanya kazi, na vile vya zamani havitupi, anavihifadhi vya akiba. Thamostati, kile kidude kinachoyafungulia maji njia injini ikipata moto, mafundi wengi wa huko hukitoa kabisa na kukitupa, wakidhani wanasaidia gari lipoe. Gashe hakukubali. Alitaka kila kitu kiwe mahali pake.

Woinshet alimsikiliza, kisha akauliza kwa nini vibana vya mpira mmoja mwembamba, ule unaopeleka maji moto kwenye kipasha joto cha ndani ya gari, vilikuwa na kutu ilhali vingine vyote vinang'aa.

Jasho lilimtoka Nuredin. Alitazama mlango, akatazama mikono yake. Mwishowe akasema kwamba ule mpira hakuubadilisha. Aliutafuta akaukosa, na mzee alikuwa na haraka ya safari, basi akamwambia ameshaufunga. Tangu alipokamatwa alikuwa akiwaza kwamba ndio uliomuua.

"Nilimdanganya mtu ambaye hajawahi kunidanganya," alisema. "Nifungeni. Lakini mpira wa chini sikuukata."

Fikadu alimtupia Woinshet jicho, kama kusema ndiye huyu, tumempata. Woinshet alitoka, akarudi kwenye gari, akaukamua ule mpira mwembamba kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mkuukuu kweli, umeanza kuwa mgumu, lakini ulikuwa mzima na mkavu. Uongo wa Nuredin ulikuwa uongo kweli, ila haukumuua mtu.

Hapo ndipo lile neno la akiba lilipomrudia. Alimwambia Fikadu afungue buti.

Polisi walikuwa wameliangalia buti siku ile ya kwanza na kuona magunia ya nafaka ya tef ya kupelekea jamaa, wakalifunga. Sasa waliyashusha yale magunia chini. Chini yake palikuwa na boksi lenye pampu ya zamani, mipira iliyofungwa kwa kamba, na thamostati iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Pembeni ya boksi lilisimama dumu kubwa la njano, limejaa hadi shingoni. Fikadu alilifungua, akanusa akitarajia petroli, kisha akatia kidole na kuonja.

"Maji," alisema.

Walisimama wakiliangalia lile dumu. Mzee aliyekuwa na maji mengi kiasi kile nyuma ya gari lake, pamoja na mpira wa akiba wa kuufunga mahali pa ule uliotoboka, alimtuma mkwewe ashuke bondeni kutafuta maji. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye maelezo ya Sirak, na Sirak alitia saini.

"Huenda mzee alisahau," Fikadu alisema, bila nguvu.

"Huenda."

Hakutaka kuacha mlango wowote wazi. Karibu na lango la kituo mwanamke mmoja alikuwa akiuza kahawa, na Woinshet akamwomba amwazime jiko lake la mkaa na sufuria. Alizifunga thamostati mbili kwa uzi, ile mpya aliyoitoa kwenye injini na ile ya zamani, akaziteremsha majini. Muuza kahawa aliuliza kama polisi sasa wanapika vyuma. Maji yalipokaribia kuchemka, zote mbili zilifumbuka, moja ikifuata nyingine, na alipozitoa zikajifunga taratibu. Ya zamani ilikuwa nzima. Mpya nayo ilikuwa nzima.

Wakati bado anakausha mikono, askari wa zamu alimwita kwenye simu. Aliyepiga alikuwa mwendesha mashtaka wa mji wa Debre Markos, akitaka kujua kama ni kweli Ato Tibebu Wondafrash amefariki. Mzee alitakiwa kutoa ushahidi kwenye kesi ya ukuta wa shule ulioporomoka kwa mvua na kuwaua wanafunzi. Alipata kuutembelea ukuta huo ulipokuwa unajengwa, na inasemekana alimwonya msimamizi kwamba haukuachiwa matundu ya kutolea maji. Msimamizi alidai hajawahi kuonywa na yeyote.

Woinshet aliuliza jina la msimamizi, ingawa alikuwa ameshalijua.

* * *

Sirak na Mahlet walikuwa wamefikia hoteli ndogo upande wa pili wa barabara, wakisubiri ruhusa ya kulichukua gari. Woinshet aliwakuta mezani, injera mbele yao haijaguswa. Mahlet aliinuka kumsalimia. Sirak alibaki ameketi. Alikuwa mwanamume nadhifu, mtulivu wa sauti, na mkono wake wa kulia ulikuwa na bandeji.

Woinshet alisema anamalizia mambo madogomadogo. Aliuliza habari za mkono. Sirak akaeleza, kama alivyokwisha kueleza, kwamba mvuke ulipoanza kutoka alijaribu kufungua kifuniko cha rejeta akaungua. Woinshet akamwomba amwonyeshe alisimama vipi. Sirak aliinuka, akainama juu ya meza kana kwamba ni injini, na kuteremsha kiganja, akakizungusha.

"Naweza kuona ulipoungua?"

Alisita, kisha akaifungua bandeji. Kiganja kilikuwa kizima, na vidole pia. Ngozi iliyobabuka ilianzia kwenye kifundo, upande wa ndani, ikateremka kwa mstari mpana hadi kwenye kiwiko. Woinshet aliitazama, akashukuru. Maji yanayoruka kutoka juu humpata mtu usoni na kiganjani. Ili yateremke hadi kwenye kiwiko, mkono lazima uwe umeinuliwa juu, na mwenye mkono awe chini.

Hakusema hayo. Alisema angependa Enjinia amsindikize mpaka bondeni, amwonyeshe gari lilianza kuchemka wapi, ili ripoti ikamilike.

"Kwa gari gani?" aliuliza Sirak.

"Kwa lile lile. Fundi analifunga sasa hivi."

Mahlet alimtazama mumewe. Sirak alikuwa akiizungushia bandeji, na ilimchukua muda mrefu kuipata ncha yake.

* * *

Nuredin alilifunga gari akiwa chini ya ulinzi, na akalifunga kama vile hakuna anayemlinda. Aliirudisha thamostati, akauchukua ule mpira wa zamani kwenye boksi, akaukaza mahali pa uliokatwa, akajaza maji ya dumu la Gashe, akaliwasha na kusikiliza hadi aliporidhika. Woinshet alishika usukani. Sirak alikaa mbele, kiti alichokalia siku ile, na Fikadu akakaa nyuma.

Waliteremka hadi kwenye daraja. Bondeni joto liliingia madirishani kama la tanuri. Waligeuza gari, na Woinshet akauliza mshale wa joto ulianza kupanda wapi. Sirak akasema hapa hapa, mara tu walipolivuka daraja. Kufikia kona ya kwanza, alisema, mvuke ulikuwa umeshaanza kuonekana, na walisimama mara kadhaa kulipumzisha.

Walianza kupanda. Mshale uliinuka polepole hadi katikati ya kipimo chake, ukakaa. Kona ya kwanza ikapita. Kundi la nyani liliwapisha, likajipanga ukingoni kuwatazama. Katika sehemu ya mwinuko mkali kuliko zote walinasa nyuma ya lori lililobeba saruji, likitambaa na kuwatemea moshi, na Woinshet hakujaribu kulipita. Aliliacha gari lipande kwa gia ya kwanza, injini ikinguruma, bila upepo wowote wa kulipoza. Kama lingechemka, lingechemka hapo. Mshale uliinuka kidogo. Wote watatu waliutazama. Kisha ukarudi ulikokuwa.

"Siku ile jua lilikuwa kali zaidi," alisema Sirak.

Woinshet alijifuta jasho shingoni na kukubali kwamba huenda ni hivyo. Akamweleza kwamba mpira wa chini uliomo sasa ni wa zamani, ule ambao mzee hakuuamini tena. Sirak hakuuliza wameupata wapi. Woinshet akamweleza kwamba ulikuwa kwenye buti, pamoja na dumu la maji.

"Maji gani?"

"Aliyoyabeba. Lilikuwa limejaa, chini ya tef. Begi lako lilikuwa kiti cha nyuma, kwa hiyo hukuwa na sababu ya kufungua huko."

Sirak aligeuza uso dirishani. Walifika kwenye ile kona. Woinshet aliliegesha gari pale pale lilipokutwa, akazima injini, na wote watatu wakashuka. Alifungua boneti. Hakukuwa na mvuke. Kulikuwa na joto la kawaida la injini iliyofanya kazi, na harufu ya vumbi. Chini yao bonde lilikwenda, likakwenda, hadi mto ukaonekana kama uzi wa rangi ya udongo.

"Enjinia," alisema, "nimeshajua gari halikuchemka. Mpira ulikatwa, na aliyeukata alikuwa amelala chini akiwa ameinua mkono. Debre Markos nao wamenipigia. Kimebaki kitu kimoja ambacho gari haliwezi kuniambia. Kama halikuchemka, mlisimama hapa kwa nini?"

Fikadu alisogea upande wa ukingo, akajiweka kati ya Sirak na genge.

Sirak alikaa juu ya jiwe. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ileile ya utulivu, akiyatazama magurudumu.

"Alisimama mwenyewe," alisema. "Aliniambia amenyamaza tangu Addis akinisubiri niseme, na sasa amechoka kusubiri."

Mzee ndiye aliyemwalika safari ile. Mahlet aliambiwa ni safari ya kuwasalimia jamaa. Sirak alikubali kwenda kwa sababu alidhani njiani atapata nafasi ya kumbembeleza asiende mahakamani, na mzee, kumbe, alidhani njiani mkwewe atapata moyo wa kwenda kusema ukweli mwenyewe. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Hapa kwenye kona Sirak alimwomba waziwazi. Alimkumbusha watoto, wajukuu wake. Mzee alimjibu kwamba wale wa shuleni nao walikuwa wajukuu wa watu. Kisha akamwambia ashuke atafute usafiri mwingine, kwa kuwa hawezi kufika naye mahakamani ndani ya gari moja.

Sirak alishuka. Akazunguka akafungua upande wa dereva, akimsihi. Mzee naye akashuka, hakutaka kugombana, akatembea hadi ukingoni na kusimama akitazama ng'ambo, kama alivyozoea kutazama ardhi.

"Alinipa mgongo. Nilimsukuma bega. Nilitaka ageuke anitazame." Sirak aligusa bandeji. "Nilitaka ageuke tu."

Sirak akaendelea. Baadaye, alisema, aliona gari limesimama mahali pasipo na sababu ya kusimama, na akajua hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa. Kila mtu anajua magari haya huchemka pale. Alikuwa na kisu walichomenyea machungwa. Hakujua kama vipuri vilikuwa vipya. Mzee hakuwahi kumsimulia habari za gari, kwa kuwa yeye hakuwahi kuuliza.

"Ulishuka kumwangalia?"

"Nilishuka."

"Kabla ya kukata mpira, au baada?"

Lori jingine la saruji liliwapita likikoroma, dereva akawapungia mkono akidhani wameharibikiwa. Sirak alingoja lipite lote. Lakini lilipokwisha kupita, bado hakujibu.

"Daktari ameandika kwamba hakufa mara moja," Woinshet alisema.

Sirak aliweka mkono juu ya madigadi ya gari, kama mtu anayetafuta pa kushika, akaushusha. Fikadu alimwinua akamtia pingu kwa mbele, kwa ajili ya jeraha lake. Walirudi garini. Njia yote iliyobaki Woinshet aliendesha bila kuutazama mshale.

* * *

Mahlet alikuwa amesimama langoni mwa kituo, shuka jeupe limemfunika kichwa juu ya nguo zake nyeusi za msiba. Aliliona gari likiingia uani, akaanza kulijia kwa haraka, kisha Fikadu akafungua mlango wa nyuma na Mahlet akaona pingu. Alisimama. Woinshet alishuka akamfuata, akamwambia yote, kwa sauti ndogo na bila kupamba, ila jambo la daktari. Hilo alilibakiza. Aliona kuna siku nyingine kwa ajili yake.

Mahlet hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza kama ana hakika, na Woinshet akasema Sirak amekiri mwenyewe. Hapo alimwendea mumewe, akasimama karibu naye, karibu sana, hata Fikadu akasogea.

"Neno la mwisho alilokwambia baba lilikuwa lipi?"

Sirak alikuwa akitazama chini. "Nilipokuwa nashuka," alisema, "aliniambia nisibamize mlango. Alisema ni wa zamani."

Mahlet alitikisa kichwa taratibu. Alikubali kwamba hayo yalikuwa maneno ya baba yake. Aligeuka, akawaacha wampeleke.

Nuredin alikuwa kwenye bomba la ua, askari wa zamu ameshamwachia, akijaribu kuitoa grisi vidoleni kwa majivu. Alipoona nani anamjia alisimama wima, maji yakimchuruzika, akaanza kusema kitu kuhusu ule mpira mwembamba ambao hakuubadilisha, kwamba lazima amwambie. Mahlet akamwambia ameshaambiwa, na kwamba haukuwa na kosa.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Mimi ndiye niliyewatajia polisi vipuri. Sikudhani watakuja kwako."

Mikono ya Nuredin ilikuwa bado michafu, basi akafanya kama mafundi wanavyofanya wanapotaka kusalimiana: akakunja ngumi na kumnyooshea kifundo cha mkono. Mahlet alikishika kwa mikono yake miwili, grisi na majivu vikamwingia kwenye shuka jeupe, na hapo ndipo alipolia. Nuredin alisimama bila kuuondoa mkono, akitazama kando, hadi Mahlet alipomaliza.